Vitabu vya mtihani vimekuja likizoni, lakini nani avisoma?

Skuli zimefungwa kwa likizo ya Agosti na mitaa imejaa watoto tena. Ukipita Kisauni saa kumi za alasiri utawaona vijana wa kidato cha tatu na cha nne wamekaa vibarazani, simu mkononi, wengine wakitoka chuoni, wengine wakibeba ndoo za maji. Katika begi la kila mmoja wao mna karatasi ya mwalimu yenye kazi za likizo, na mara nyingi agizo la kwanza ni lile lile: soma vitabu teule vya Kiingereza uvimalize kabla ya muhula wa tatu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Binti yake yuko kidato cha tatu. Nikamuuliza amefika wapi na kile kitabu cha riwaya. Akanijibu haraka haraka, "Nimekimaliza, mjomba." Nikafurahi, nikamwambia anihadithie. Akaanza vizuri: viongozi wa Afrika wamekutana Addis Ababa kujadili umaskini wa bara lao...

Hapo nikamsimamisha. Riwaya yenyewe ni Fathers of Nations ya Paul Vitta, mwandishi Mtanzania, na mkutano ule wa marais unafanyika Banjul, nchini Gambia. Hiyo Addis Ababa imetoka wapi? Mtoto akainamisha uso. Kitabu hakuwa amekifungua. Aliiuliza programu ya simu impe muhtasari, nayo ikampa jibu lenye Kiingereza kizuri na mji usiokuwamo kitabuni. Yeye angejuaje kuwa ni makosa?

Sikumkaripia, ndugu msomaji, na sababu nitaisema wazi. Mimi mwenyewe nilifanya KCSE miaka ya mwisho ya 90. Simu za namna hii hazikuwapo, lakini kulikuwa na miongozo, vile vitabu vyembamba vinavyokueleza maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Likizo nzima nilikariri mwongozo. Riwaya yenyewe niliisoma kurasa thelathini za mwanzo, nikaiweka. Nilipoingia kwenye mtihani nikakuta ukurasa mzima wa riwaya umechapishwa mbele yangu, naulizwa ni nini kilichotokea kabla ya hapo na nini kilifuata. Mwongozo haukunifunza hayo. Alama ya Kiingereza niliyopata ilinifungia mlango wa kozi niliyokuwa nikiitaka, nikazunguka miaka kadhaa kabla ya kupata diploma yangu kwa njia ndefu. Kwa hivyo ninapozungumzia jambo hili sizungumzi kama mtu aliyefaulu akiwacheka walioanguka.

Tuangalie kwanza uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu nadhani wazazi wengi hawajaelezwa. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Katika karatasi ya pili kuna dondoo kutoka kitabu cha lazima, alama 25. Katika karatasi ya tatu kuna insha mbili za vitabu teule, kila moja alama 20. Ukijumlisha ni alama 65. Karibu thuluthi nzima ya Kiingereza cha mwanao imo ndani ya vitabu vitatu. Sarufi, ufahamu, ushairi na insha ya kubuni vyote vinagawana zilizobaki. Mtoto ambaye hakuvisoma vitabu hivyo ameingia mtihanini akiwa ameshaacha thuluthi ya alama nyumbani.

Vitabu vyenyewe si siri. Viwili ni vya lazima: riwaya niliyoitaja, na tamthilia ya The Samaritan ya John Lara. Kisha skuli inachagua kimoja kati ya vitatu: hadithi fupi za A Silent Song, tamthilia ya Parliament of Owls ya Adipo Sidang', au An Artist of the Floating World ya Kazuo Ishiguro, inayosimulia mchoraji mzee huko Japani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ongeza na vitatu vya Kiswahili, Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo, utapata vitabu sita. Kila mzazi wa mtoto wa kidato cha tatu au cha nne angepaswa kuyajua majina haya kama anavyojua kiwango cha karo.

Sasa, kwa nini watoto wetu hawavisomi likizoni? Jibu la haraka tunalolisikia kila matokeo yakitoka ni kwamba watoto wa Pwani ni wavivu, wanapenda starehe, wamezama kwenye simu na muguka. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini jibu hilo limekuwa rahisi mno, na halimsaidii yeyote. Nilipomuuliza mpwa wangu kwa utaratibu, alinijibu kwa swali moja tu: "Nisome saa ngapi, mjomba?"

Nikahesabu naye. Mama yake anauza mahamri na mbaazi. Unga unakandwa usiku, na mahamri yanachomwa baada ya Alfajiri. Binti ndiye anayekanda na ndiye anayechoma, kwani mama yuko nje na wateja. Saa tatu ni vyombo na kufua. Adhuhuri anapikia wadogo zake. Alasiri yuko chuoni. Magharibi anarudi, na baada ya Isha unga unamngoja tena. Kaka yake mkubwa naye yuko kwenye tuktuk ya mtu tangu asubuhi, kwa sababu karo ya muhula ujao haijakamilika. Katika ratiba hiyo, muhtasari wa dakika tano kutoka kwenye simu si uvivu. Ni kijana aliyetafuta njia ya mkato kwa sababu njia kuu hakupewa nafasi ya kuipita.

La pili ni kitabu chenyewe. Si kila mtoto anacho. Katika skuli nyingi za kutwa nakala hazitoshi, wanafunzi wawili au watatu wanatumia moja, na skuli ikifungwa kitabu kinakwenda na mmoja wao. Wengine wanaambiwa warudishe vitabu stoo visije vikapotea. Kununua ni mamia ya shilingi kwa kila kimoja, na serikali imeweka ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu ya vitabu tangu mwaka 2013. Ndiyo maana nakala za bandia zinauzwa kando ya barabara, nyingine zina kurasa zilizofutika au zisizokuwamo kabisa. Mzazi amenunua akidhani amepata nafuu, kumbe mtoto atakosa mlango mzima wa kitabu.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi, nalo ni ukimya. Tumekubali kwamba kusoma kitabu cha Kiingereza ni jambo la mtoto peke yake, chumbani, mdomo umefungwa. Mzazi asiyejua Kiingereza anajiona hana lake. Anamwambia mwanawe "nenda kasome", mtoto anaingia chumbani, mlango unafungwa, na hakuna anayejua kilichosomwa.

Lakini sisi watu wa Pwani hatukusoma hivyo kamwe. Tazama chuoni. Mtoto anakaa mbele ya maalim, anasoma kwa sauti, anasahihishwa, kesho anarudia ya jana kabla ya kupewa mapya. Wadogo wanasikia wakubwa wakisoma. Mama nyumbani ambaye hajui maana ya kila neno la Kiarabu anasikia mwanawe akikosea na anamwambia "rudi nyuma". Silinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na riwaya ya mwanadamu, hasha. Nasema juu ya njia ya kusomesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyehitimu juzuu kwa kusoma muhtasari wake. Tunajua tangu utotoni kwamba maandishi huingia kwa kusomwa yote, kwa kurudiwa, na kwa kuwepo mtu wa kukusikiliza.

Na si chuoni pekee. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake, na wanawake wa Lamu na Pate wakausoma kwa sauti na kuuhifadhi vizazi kwa vizazi. Hivyo mama kumsomesha binti kwa maandishi, ndani ya nyumba, kwa sauti, ni jambo la kwetu. Tumeliacha tulipofika kwenye vitabu vya skuli, tukadhani hivyo vina njia nyingine.

Sheria nayo inatukumbusha wajibu huu bila kuutaja. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Wako wazazi wanaokasirikia marufuku hiyo, na wako wanaolipa kisirisiri. Mimi naiona hivi: serikali imesema mwalimu apumzike na mtoto apumzike. Haikusema kitabu kifungwe. Maana yake ni kwamba kwa wiki hizi tatu, msimamizi wa kusoma ni nyumba. Na nyumba ikikosa kujipanga, tofauti kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini inazidi kupanuka, kwani wa tajiri ana nakala sita mezani, ana taa, ana chumba, na hakandi unga.

Kuna jambo jingine linaloifanya likizo hii kuwa nzito kuliko zilizopita. Wanafunzi walio kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Watafanya KCSE mwaka 2027 na nyuma yao hakuna kidato. Wadogo zao waliingia gredi ya 10 Januari mwaka huu chini ya mtaala mpya, ambako fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua ndani ya mkondo wa sayansi za jamii. Kwa hivyo vitabu hivi, miongozo hii, na hata walimu waliozoea kuvifundisha, vyote viko mwishoni mwa safari. Ile tabia ya kusema "akianguka atarudia na wale wa chini" haipo tena kwa watoto hawa, maana wa chini yao wamepita njia nyingine.

Kuhusu miongozo na muhtasari wa simu, sitaki kuonekana kama mzee anayechukia kila kipya. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, jirani yangu, aliniambia mwongozo una faida yake, na nakubaliana naye. Mtoto aliyemaliza kitabu akausoma mwongozo ataona aliyoyapita bila kuyatambua. Hata vikundi vya waigizaji vinavyozunguka maskulini kuigiza vitabu teule vinasaidia, kwani mtoto aliyeona mhusika akitembea jukwaani hamsahau. Tatizo ni mpangilio. Mwongozo kabla ya kitabu unamfanya mtoto aamini ameshajua. Na mtahini hatafuti mtu aliyejua kwamba kitabu kinahusu ufisadi. Hilo kila mtu analijua. Anatafuta mtu anayeweza kusema nani alifanya nini, wapi, akamjibu nani nini, na mwisho wake ukawaje. Hayo yamo kwenye kurasa za katikati, zile ambazo hakuna mtu anayezifupisha.

Nikazungumza na dada yangu. Yeye aliacha skuli darasa la sita. Akaniambia, "Kaka, hicho Kizungu mimi sikijui, nitamsaidiaje?" Nikamwambia, kazi yako si kusoma. Kazi yako ni kusikiliza na kuuliza. Binti asome kurasa kumi na tano kwa siku, na usiku wakati wa kukanda unga akuhadithie kwa Kiswahili alichokisoma. Usipoelewa, muulize. Akishindwa kukujibu, arudi kwenye kitabu. Kitabu cha kurasa 200 kwa mwendo huo kinamalizika kwa wiki mbili. Na asubuhi, saa moja baada ya mahamri kuisha, vyombo viwangoje wadogo wake. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili hatakatika mikono kwa kuosha sahani.

Hili la mwisho ndilo lililozua mjadala mrefu zaidi pale nyumbani, na nadhani ndilo lenye maana kubwa kwa nyumba zetu nyingi. Tunawaambia mabinti wasome, kisha tunawapa kazi zote za nyumba. Tunawaambia wavulana wasaidie, kisha tunawaacha maskani hadi saa nne za usiku. Kama saa moja ya binti haina thamani ya kuoshewa vyombo na kaka yake, basi tusishangae matokeo yakija.

Kwa wale wenye upungufu wa nakala, njia ipo pia. Watoto wanne wa mtaa mmoja wenye kitabu kimoja wanaweza kukisoma pamoja kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Tamthilia hasa imeandikwa kwa ajili hiyo. The Samaritan ni mchezo wa baraza la mji ambamo wanafunzi wanatengeneza programu ya simu ili raia waripoti ufisadi, na wakubwa wa mji wanababaika. Mpe mmoja awe meya, mwingine mwalimu, mwingine mwanafunzi, muwasikie watoto wa Likoni au Malindi wakiusoma. Hawatahitaji mtu kuwaeleza maudhui ya mchezo huo. Wameshaona tangu utotoni jinsi basari za wadi zinavyogawanywa na barabara zinavyozinduliwa mara mbili.

Na pa kukaa papo. Madrasa zetu nyingi hazina watu asubuhi. Zina madawati, zina paa, na zina walimu wanaoheshimiwa na wazazi. Kamati za madrasa zikitenga saa mbili asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari kusoma, hakuna sheria wanayoivunja. Si masomo ya ziada, hakuna anayelipishwa, ni mahali pa kukaa na kitabu. Mfunguo Sita unabisha hodi na kamati hizo hizo zinakutana kila wiki kupanga Maulidi. Ajenda moja ya ziada si mzigo.

Kaunti nazo zisijifiche. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Si hisani, ni wajibu. Kila mwaka wa bajeti tunasikia mamilioni ya basari, na basari ni jambo jema. Lakini mwakilishi wadi anayeweza kutoa hundi mbele ya kamera anaweza pia kununua sanduku moja la vitabu teule kwa wadi yake, likae kwenye ukumbi wa jamii, watoto waazime kwa kuandikisha jina. Sanduku hilo litasoma watoto wengi kwa muda wote uliobaki wa mfumo huu. Tuwaulize wawakilishi wetu swali hili sasa, kabla ya kampeni za mwakani kuanza kutupa majibu ya kila swali.

Neno moja la mwisho juu ya Kiswahili, maana huko nako tunajidanganya. Watoto wetu wanasema "Kiswahili ni chetu" na vitabu vyake hawavifungui kabisa. Wanafunzi wa bara wanaojifunza lugha hii kwa shida wanavisoma mara tatu, na wanatushinda kwenye fasihi. Kuzungumza lugha si kusoma kitabu chake. Dondoo ya Nguu za Jadi haitamuuliza mtoto amezaliwa wapi.

Juzi nilirudi kwa dada yangu baada ya Isha. Nilimkuta binti ana mikono imejaa unga, kitabu kimefunguliwa juu ya stuli mbali na maji, naye anamsimulia mama yake habari za wale wanaume wanne wanaokutana Banjul, kila mmoja na kidonda alichotiwa na serikali ya kwao. Mmoja ni mhandisi wa Libya aitwaye Seif Tahir. Dada yangu akamkatiza, "Huyo Seif, ametoka kwao mbali kote huko kufuata nini?" Binti akafikiri, akasema hana hakika, kuna mahali alipita haraka. Akanawa mikono, akachukua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

Ndugu msomaji, usiku wa leo muulize mwanao jina la kitabu anachokisoma. Akikutajia, mwambie akuhadithie. Akisema wameshakutana Addis Ababa, utajua pa kuanzia.